Meza ya Ndege na Mtu wa Nusu Njiti

Betina na Sofia, mlioupokea ufagio wangu, mmeniomba niwaandikie meza ya ndege ilipataje magari yake, maana wageni wanauliza na nyinyi mnajibu mnavyojua wenyewe. Juzi nilipopita kuwasalimu nilimsikia Sofia akimwambia mgeni kwamba magari yote yaliletwa na serikali. Mwanangu, serikali ilileta meza. Tairi hata moja haikuleta.

Vyeo na mshahara nitaviruka. Vyeo vilikuwa viwili, mfagizi na mfagizi mkuu, na mshahara mnaupokea wenyewe, hauna haja ya kusimuliwa. Darasa langu mimi ni ngumbaru, na nililiingia nikiwa na Yotamu mgongoni, kwa hiyo mkikuta herufi imelala, iacheni ilale. Majina ndiyo sijapoteza hata moja.

Siku ya kwanza nilikuja na ufagio wangu wa nyumbani. Sikujua kama kazi ya watu ina ufagio wake. Jumba la Maonyesho lilikuwa jipya, matofali tumeyafyatua wenyewe hapa hapa Tunduma kwa kujitegemea, na rangi bado ilikuwa inanuka. Palikuwa na meza ya kilimo cha kisasa, meza ya nyumba bora na choo chake, na kule nyuma dirishani palikuwa na meza ndefu iliyofunikwa shuka jeupe. Nikasita. Kwetu kitu kirefu kikifunikwa shuka jeupe, huwa kuna watu wanalia pembeni. Nikaanza kufagia chini yake kwa adabu, ufagio ukagonga mguu wa meza.

"Polepole, mama! Humo mna abiria!"

Nilitaka kukimbia. Aliyesema alikuwa mzee mmoja ameketi kwenye kigoda nyuma ya mlango, kofia imemfunika hadi nyusi, anachonga kijiti kwa wembe. Huyo ndiye Mzee Laitoni Simwinga. Alikwenda Ndola akiwa kijana, kama walivyokwenda wengi wa Momba, wenzake wakaingia migodini, yeye akapata kazi uwanja wa ndege, kupakia na kupakua mizigo. Alirudi nyumbani baada ya Uhuru na vitu viwili: kofia ile, na mgongo usiokubali kuinama. Wenye Jumba walipotafuta mtu wa kutengeneza mfano wa kiwanja cha ndege, ili wananchi waone nchi inakokwenda, wakamwita yeye.

Akafunua shuka. Ndege ilikuwa ya mninga, ndefu kama mkono wangu, nzito kama mchi. Barabara ya kurukia ilikuwepo, ya unga wa mkaa uliochanganywa na gundi. Jengo la abiria lilikuwepo, la boksi la sabuni. Basi.

"Abiria wenyewe wako wapi?" nikauliza.

"Ndani."

"Mbona hawashuki?"

"Washuke wapi, mama? Hii siyo basi la Mbozi Mission, mtu anaruka na kuku wake mkononi. Ndege inataka ngazi. Inataka magari ya kuipokea. Watu wote wanamtazama rubani. Ndege ikishatua, rubani hana kazi. Kazi ni ya sisi wa chini."

Nikamwambia basi tuyatafute hayo magari. Nilisema tu, kama mtu anavyosema kwa mgeni karibu tena. Sikujua nimeajiriwa mara ya pili siku ile ile.

Sasa sikilizeni habari ya kipimo, maana hapo ndipo kazi yenyewe ilipo. Mzee Laitoni alitoa kiberiti mfukoni, akavunja njiti moja katikati. Kipande chenye kichwa akakisimamisha mezani kwa tone la ulimbo.

"Huyu ndiye mtu," akasema. "Kichwa anacho tayari, hatuna haja ya kumchonga. Kila gari litakaloingia kwenye meza hii, huyu lazima aweze kuliendesha. Simamisha mtu mlangoni. Kichwa kikifika dirishani, gari ni letu. Kikiishia kwenye tairi..."

"Ni gari la majitu," nikasema.

"Umeelewa. Na kikipita paa?"

"La mende."

Akacheka mpaka kofia ikasogea. Tangu siku hiyo hayo mawili yakawa maneno ya kazi: la majitu, la mende. Watu wanaokuja kuangalia hawajui kwa nini meza hii inapendeza macho kuliko ile ya nyumba bora. Inapendeza kwa sababu kila kitu ni cha watu wa kimo kimoja. Kule kwenye nyumba bora kuku alikuwa mkubwa kuliko mlango, na hakuna aliyejali.

Magari yenyewe tulianza kuyapata kwa Bwana Sefu. Alikuwa mtu wa Kilosa, Mwislamu mtaratibu, dereva wa boza la mafuta. Miaka ile maboza ya kwenda Zambia yalipita hapa kama siafu, na vumbi lake lilikuwa linaingia mpaka ndani ya chungu chenye kifuniko. Bwana Sefu akisubiri zamu yake mpakani, alikuwa anakuja kuswali kwenye baraza letu, kisha anaingia kunywa maji. Akaona meza. Akaona haina kitu. Safari iliyofuata akaja amekumbatia gari jekundu kubwa kama mkate.

Nikalipima. Mtu wetu alifika kwenye nati ya tairi.

"La majitu, Bwana Sefu."

"Mama Yotamu! Nimelipakata kutoka Kitwe kama mtoto mchanga!"

"Basi mpelekee mtoto."

Alinuna safari nzima. Lakini aliporudi alikuwa na viberiti mfukoni, na kule madukani Kitwe akawa anavunja njiti mbele ya wenye maduka na kuisimamisha kwenye milango ya vigari, mpaka wakadhani anataka kuchoma duka. Gari la kwanza kupita kipimo lilikuwa boza. Nani angeshangaa? "Kiwanja kisicho na boza," akasema Bwana Sefu, "ni kiwanja cha mpira."

Baada ya boza, mengine yakaja kwa njia zake. Trekta la mizigo tulipewa na mwalimu mmoja wa Mbozi Mission. Lilikuwa trekta la shamba, tukaling'oa jembe, tukalifunga tela za kopo la dagaa. Gari la zimamoto lilikuja likiwa bluu. Rangi nyekundu haikupatikana Tunduma nzima, ila kulikuwa na mama mmoja wa Nakonde, Bana Mutale, mpenda kujipamba, akatutolea rangi yake ya kucha. Gari zima liliisha kwa kichupa kimoja, na mpaka leo mkilinusa kwa karibu mtaona linanukia harusi. Gari la choo, la kunyonya uchafu wa ndege, ndilo lilitusumbua. Hakuna aliyekubali kuleta. Kila nikimwambia mtu, anafikiri namtania. Mwishowe Bwana Sefu akaleta gari zuri la mikate, limeandikwa ubavuni.

"Hili hapa litakuwa gari la choo," akasema Mzee Laitoni.

"Mzee, hili ni la mikate!"

"Abiria wana matumbo, Sefu. Futa maandishi. Wanunuzi wa mikate wasijue."

Kuhusu vyombo vya kazi: vumbi mtalitoa kwa unyoya wa kuku, si kwa kitambaa, maana kitambaa kinang'oa vioo. Ulimbo ni bora kuliko gundi ya dukani, unashika na unaachia ukitaka. Na mikono iwe mikavu. Mtu akija na watoto, wape wao kazi ya kulinda. Mtoto ukimwambia "usiguse" atagusa. Ukimwambia "mlinde asiguse yule" atasimama kama polisi.

Haya. Wanafunzi wa ngumbaru wakawa wanaletwa kuiona meza, na Mzee Laitoni akawa anawaeleza: hatua ya kwanza gari hili, hatua ya pili gari lile. Kina mama walipiga miayo, wakawa wanatazama dirishani. Siku moja alikuwa na kikohozi, nikaeleza mimi. Nikawaambia, jamani, ndege ni mgeni. Mgeni akifika humuulizi habari amesimama. Unampa kigoda kwanza. Kigoda cha ndege ni hivi vigogo vya kuzuia tairi, ili itulie. Ndipo unamfungulia mlango: ngazi. Unampokea mzigo: trekta na tela zake. Choo unamwonyesha bila kutangaza, ndiyo maana gari la choo linapitia upande wa pili. Unampa maji: boza. Mwisho unamwekea chakula. Akishakula, hapo ndipo anaweza kuaga.

Kina mama wakaipanga meza nzima wenyewe bila kukosea.

"Boza siyo maji," Mzee Laitoni akaninong'oneza.

"Kwa ndege ni nini basi?"

Akakohoa. Tangu siku hiyo alieleza hivyo hivyo, akijifanya ni maneno ya Ndola.

Tulikuwa tumekosa ngazi tu, kwa jinsi tulivyoona sisi. Kila mgeni aliuliza, "Watu wa ndani watateremka lini?" Wengine walipita sokoni, wakirudi wanachungulia mlangoni: "Bado?" Tunasema bado. Ukawa utani wa mji mzima. Mtu akichelewa kutoka nyumbani kwake, anaambiwa umekuwa abiria wa Laitoni.

Sasa anaingia Mwenyekiti wa kijiji, Ndugu Asoni Silwimba. Mtu mzuri, mrefu, mchapakazi, ila alipenda kuhutubia. Akisimama kuomba maji ya kunywa, watu walitafuta pa kukaa. Mwaka huo upepo ulikuwa umeondoka na paa la ghala, na mbolea ya kijiji ilikuwa njiani. Akaja na fimbo yake na watu wake, akapima chumba chetu kwa hatua, kisha akasimama mbele ya meza.

"Ndugu Laitoni, hawa watu wamo ndani ya ndege tangu lini?"

"Tangu ilipotua, Mwenyekiti."

"Na ilitua lini?"

"Jumba lilipofunguliwa."

"Kina mama waliokuwa wajawazito humo ndani, watoto wao sasa wanaanza shule." Watu wake wakacheka. "Mimi nina mbolea inakuja na haina pa kulala. Kitu kisichokwisha ni takataka. Saba Saba nitakuja hapa na wananchi. Nikiwaona abiria wameshuka, meza inabaki. Wasiposhuka, meza inatoka barazani, mbolea inaingia."

Barazani! Mvua ya Tunduma hainyeshi kutoka juu, inakuja na ubavu. Meza ingekaa msimu mmoja tu. Na mimi nilijua hesabu nyingine: chumba cha mbolea hakihitaji mfagizi. Mzee Laitoni alichukua kijiti akaanza kukichonga, akakichonga, akakichonga, mpaka kikaisha mkononi.

Bwana Sefu alizunguka Kitwe, akafika mpaka Lusaka. Ngazi haikuwepo. Wenye maduka walimwambia watoto wananunua magari, nani ananunua ngazi? Nikajifunga khanga nikavuka mwenyewe kwenda Nakonde, upande wa Zambia, kwa fundi wa makopo aliyeitwa Chanda. Koroboi zake zilikuwa zinaangaza nchi mbili.

"Mwapoleni, bamayo," akanisalimu kwa lugha yao.

"Mwanangu, nataka ngazi ya ndege."

"Ndege yupi? Nyinyi Waswahili mna neno moja. Ni ndeke ya kupanda watu, au ni yule anayewalia mtama?"

"Ya kupanda watu."

"Basi sina kopo la kutosha!" Akacheka peke yake mpaka akakaa chini.

Nikamweleza. Ngazi iwe na magurudumu, iwe na mahali pa kusimama juu, na ifike kwenye mlango wa ndege, yaani watu wawili, mmoja amesimama kichwani pa mwenzake. Mtu mmoja ni nusu njiti ya kiberiti.

"Nusu njiti? Ee mukwai, hiyo ni rahisi." Akachukua kiberiti chake pembeni ya jiko, akavunja njiti mbele yangu, akaiweka kwenye ubao wa kazi. Nikaitazama kwa macho yangu haya. Nikaridhika. Kwangu njiti ilikuwa njiti, kama chumvi ilivyo chumvi.

Chanda alikuwa na koroboi za watu, hivyo ngazi ilifika asubuhi ya Saba Saba yenyewe, Bwana Sefu ameivusha ndani ya kofia yake. Jamani, ilikuwa nzuri! Bati la kopo la maziwa, vidato vimekunjwa sawasawa, magurudumu ni vifungo vya shati. Mzee Laitoni akaishika kama mtu anayeshika mkono wa rafiki wa zamani. Akaisukuma polepole mpaka kwenye mlango wa ndege.

Ngazi ikapita mlango. Ilisimama juu ya kizingiti kwa robo ya unene wa kidole. Abiria wa kwanza kutoka angejikwaa pale pale mlangoni.

Tukatazamana. Mzee Laitoni akaniuliza, "Ulimpa kipimo gani?" Nikamwambia nusu njiti. "Njiti ya nani?" Hapo nikakikumbuka kiberiti cha Chanda pembeni ya jiko. Bwana Sefu alikuwa na kiberiti cha Zambia mfukoni. Akatoa njiti moja, Mzee akatoa ya huku kwetu, akazilaza pamoja kwenye kiganja. Ile ya ng'ambo ilimzidi mwenzake kichwa kizima.

Nilidhani atanigombeza. Akasema tu, "Kumbe watu wa Zambia ni warefu kuliko sisi."

Kuikata haikuwezekana. Ukikata chini, magurudumu yanaondoka. Ukikata juu, pa kusimama panaondoka. "Inueni ndege," akasema Bwana Sefu, aliyezoea jeki. Kwa kitu gani? Kwa vitabu vya ngumbaru? Watu wangecheka. Nje ngoma zilikuwa zimeanza kusikika kutoka upande wa soko. Ndipo nikasema, ndege haiinuliwi, kinachoinuliwa ni kiwanja. Nikachukua ndoo.

Nyuma ya Jumba palikuwa na kichuguu, na udongo wa kichuguu mnaujua, ndio tunaosilibia nyumba. Nikaukanda na maji, nikapiga magoti juu ya kiti, nikasiliba pale ndege inaposimama, nikapandisha mteremko mzuri kutoka barabara ya kurukia, nikalainisha kwa kiganja. Nimesiliba kuta tangu sijaota meno ya pili. Lakini mkono wa kusiliba ukishakolea haujui kuacha. Mzee alipoiweka ndege juu ya udongo, mlango ukawa juu ya ngazi.

"Sasa wataruka," akasema Bwana Sefu.

"Nipunguze?"

"Utapunguza na nani?" Mzee akaonyesha mlango. Mwenyekiti alikuwa anaingia, nyuma yake wazee wa kijiji, kina mama wa ngumbaru, wanafunzi, na mtu wa tarumbeta.

Mwenyekiti akasimama mbele ya meza, akakohoa, akaanza. Alianzia mbali. Alianzia tulipokuwa tunapika chumvi wenyewe. Alikuwa amefika kwenye barabara ya lami nilipoona kitu: ndege inazama. Mninga ni mzito na udongo ulikuwa mbichi. Tairi zilikuwa zinaingia taratibu, kidogo kidogo, na mlango unashuka kuelekea ngazi. Nikamgusa Mzee Laitoni. Alikuwa ameshaona. Bwana Sefu naye alikuwa ameshaona, midomo inachezacheza, anaomba dua.

Mwenyekiti akaingia kwenye kilimo. Mlango ukashuka. Nikawaza, endelea hivyo hivyo baba, hotuba ni nzuri. Akaingia kwenye usafi wa vyoo. Mlango ukakaribia. Akaingia kwenye watu wanaochelewa kazi za kijiji, akaanza kuwataja mmoja mmoja, na hapo nikaona mlango umefika ngazi, umelingana nayo, laini, kama sahani na kifuniko. Na bado anataja! Na bado inazama!

"Mwenyekiti oyee!" Mzee Laitoni akapaza sauti, akipiga makofi.

Sijawahi kumsikia akipaza sauti, kabla wala baada. Watu wakadhani hotuba imekwisha, wakapiga makofi kwa furaha ya kweli. Tarumbeta ikalia. Mwenyekiti akabaki mdomo wazi, jina la mtu limo ulimini. Bwana Sefu hakusubiri. Akainama, akachomeka vigogo chini ya tumbo la ndege na si kwenye tairi. Ndege ikasimama hapo hapo iliposimama.

Mzee akafungua kifuniko cha mlango kwa ncha ya wembe. Mimi miaka yote nilidhani habari ya abiria ni maneno. Kumbe aliichonga ndege ndani ikawa na uwazi, na humo alikuwa ameweka nusu njiti, zenye vichwa. Akawatoa mmoja mmoja kwa mwiba, akawashusha kidato kwa kidato, akawapanga chini kwenye udongo wangu mbichi, wakasimama wenyewe. Wa mwisho alipogusa chini, kina mama wakapiga vigelegele mpaka unyoya wangu wa kuku ukaruka mezani.

Mwenyekiti aliinama akawatazama kwa muda. Kisha akanyooka.

"Wameshuka," akasema. "Nimeona kwa macho yangu. Hongera, Ndugu Laitoni. Kwa hiyo kazi ya meza hii imekwisha. Vijana, kamateni huku na huku, tuitoe, mbolea inafika kesho."

Hapo hakuna aliyecheka. Vijana wawili wakasogea kweli. Mzee Laitoni akaweka kiganja juu ya ndege, kama mtu anayezuia kifuniko cha chungu. Isipokwisha ni takataka, ikiisha haina kazi. Sasa uponee wapi?

"Mwenyekiti," nikasema, "hawa ni wageni wetu?"

"Ni wageni."

"Wamepewa kigoda, wamefunguliwa mlango. Mizigo yao hiyo kwenye tela. Choo wameonyeshwa. Maji yale pale kwenye boza. Wamekula?"

Akatazama meza.

"Nakuuliza wewe kama baba wa kijiji. Mgeni ameteremka kwako, hajala, unamtoa nje?"

"Hawajala!" akasema mama mmoja wa ngumbaru kule nyuma, Sala Nanyangwe, sauti kama jogoo. Na wenzake wakaitikia, "Hawajala!"

"Chakula chao kiko wapi basi?" akauliza Mwenyekiti.

"Kwenye gari la chakula," akasema Mzee Laitoni.

"Na gari la chakula liko wapi?"

"Bado halijapatikana."

"Litapatikana lini?"

Bwana Sefu akakunja mikono kwa heshima. "Mimi nasafiri kesho, Mwenyekiti. Nitaulizia."

Ndugu Asoni Silwimba alinitazama, akamtazama Mzee, akatazama wale nusu njiti waliosimama kwenye udongo wakisubiri. Kisha akaanza kucheka, kwanza tumboni, halafu mabega.

"Mke wangu hunishinda nyumbani," akasema. "Nilidhani nikitoka nitapumzika." Akawaambia vijana waache meza. Mbolea iliyoenea tuliiweka chini ya meza, iliyobaki ikalala sebuleni kwake, na mkewe hakumwongelesha mpaka ghala lilipopata paa.

Udongo ulikauka ukabaki na kilima chake. Wageni wakiuliza kwa nini kiwanja kina mwinuko, Mzee Laitoni aliwajibu kwamba ndege za Tunduma zinatoka milimani. Alifanya kazi pale mpaka macho yalipomkataa, na hata baada ya hapo alikuwa anakuja, anakaa kwenye kigoda, ananiuliza nimeshapangusa boza.

Sasa ndilo ninalotaka mlijue, Betina na Sofia, maana halikuandikwa popote. Magari ya chakula yaliletwa. Yaliletwa mengi. Moja Bwana Sefu alilileta kutoka Lusaka, jeupe, na mlango wa nyuma unafunguka. Mzee Laitoni akasimamisha nusu njiti mlangoni. Kichwa kikafika dirishani sawasawa, kama limepimwa kwa ajili yake. Mzee akanitazama. Nikamtazama.

"La majitu," akasema.

"Kidogo tu," nikasema, "lakini limezidi."

Bwana Sefu akainama, akafunga jicho moja, akatazama kwa muda mrefu. Akanyoosha mgongo. "Astaghfirullah," akasema, "kweli limezidi." Akalirudisha mfukoni, na hakulizungumzia tena.

Mbolea zitakuja nyingine. Itakuja mifuko ya saruji, zitakuja kofia za mwenge, atakuja kiongozi anayetaka ofisi. Watauliza kama maonyesho haya yamekamilika. Kwenye mtoto wa meza nimewaachia njiti mbili nilizozifunga uzi, ya huku na ya ng'ambo. Mtu akiwaletea gari la chakula, mpokeeni, mpeni maji, mshukuruni sana. Kisha lipimeni kwa ile inayolikataa.